Perseus, Theseus au Jason: kijana aanze na safari ipi?

Kila likizo ya Desemba nyumba yetu hujaa watoto wa ndugu zangu, na kila mwaka hakosekani mmoja aliyekwisha kuzichoka hadithi za Sungura na Fisi, anayetaka kisa chenye panga, bahari na madude ya kutisha. Hapo ndipo ninapowaleta mashujaa wa hadithi za kale za Wagiriki: Perseus, Theseus na Jason. Nimezisimulia safari hizi tatu miaka mingi, na baadhi ya watoto hao baadaye wamezitafuta wenyewe vitabuni kwa Kiingereza. Nilichojifunza ni kwamba mtoto akipewa safari isiyo ya umri wake huiacha njiani, na pengine asiirudie tena. Basi naziweka hapa sambamba, kwa mzazi, kwa mwalimu, na kwa kijana mwenyewe anayejiuliza aanzie wapi.

Odysseus, shujaa mwingine wa Wagiriki, nimemwacha makusudi. Yeye ni mtu mzima mwenye mke na mtoto, na analolilia miaka yote ni kufika kwake. Kijana wa miaka 13 bado hajaondoka kwao, hajajua kupakumbuka. Heracles naye ana kazi 12 zilizopangwa foleni, kila moja na kisa chake. Perseus, Theseus na Jason ndio wenye safari moja yenye kutoka na kurudi, na wote wanaondoka wakiwa vijana ambao ndevu ndiyo kwanza zinaota.

Walivyotoka

Wote watatu wamekua bila baba kando yao, na wote watatu wana mfalme mbele yao ambaye angefurahi wasirudi.

Perseus alianza maisha ndani ya sanduku. Babu yake Acrisius, mfalme wa Argos, alitabiriwa huko Delphi kwamba atauawa na mtoto wa binti yake, akamfungia binti huyo, Danaë, katika chumba cha shaba. Zeus, mkuu wa miungu, akapenya humo kama mvua ya dhahabu. Mtoto alipozaliwa, babu aliwatia mama na mwana sandukuni akawatupa baharini. Aliyewaopoa ni Dictys, mvuvi wa kisiwa cha Seriphos, akamlea kijana kama wake. Lakini ndugu ya Dictys, mfalme Polydectes, alimtaka Danaë kwa nguvu, na kijana alikuwa kizuizi. Njia nyepesi ya kumwondoa ikawa kumtuma akalete kichwa cha Medusa, ambaye kila amtazamaye hugeuka jiwe.

Theseus alilelewa Troezen na mama yake, Aethra. Baba, Aegeus mfalme wa Athens, alikuwa ameacha upanga na viatu chini ya jabali pamoja na neno moja: siku mtoto atakapoliinua, aje. Akaliinua, akaenda, akaukuta mji unaomboleza. Kila mwaka wa tisa Athens ilipeleka Krete wavulana saba na wasichana saba kwa mfalme Minos, waingizwe kwa Minotaur, nusu mtu nusu fahali. Theseus hakutumwa. Alisimama akasema ataingia katika hesabu hiyo.

Jason aliporwa. Pelias alikuwa amekalia kiti cha baba yake huko Iolcus, akiwa ameonywa ajihadhari na mtu mwenye kiatu kimoja. Jason alitokea na kiatu kimoja kwa sababu cha pili kilichukuliwa na mto alipokuwa akimvusha bibi kizee mgongoni, na bibi kizee huyo alikuwa mungu Hera amejigeuza. Pelias akamwambia kiti atakipata akileta kutoka Colchis ngozi ya kondoo dume yenye manyoya ya dhahabu.

Ukizipitia haraka utasema ni hadithi moja. Sasa mwulize mtoto: huyu anakwenda kwa ajili ya nani? Perseus anakwenda kwa ajili ya mama yake. Theseus anakwenda kwa ajili ya wenziwe 13, watoto wa watu ambao jana hakuwajua. Jason anakwenda kwa ajili ya kiti. Ni haki yake, sikatai, ila ni kiti. Watoto wadogo humwelewa Perseus papo hapo. Mambo ya urithi wa ufalme nimewaeleza hata dakika kumi, na bado wakaniuliza kwa nini Jason asikae tu na mwalimu wake Chiron, yule nusu mtu nusu farasi, mlimani kwenye raha.

Mwendo wa kila safari

Perseus anasimulika jioni moja. Kuna bibi vizee watatu wanaopokezana jicho moja na jino moja. Anawanyang'anya jicho hilo mpaka waseme njia. Anapata viatu vyenye mabawa, mfuko, kofia ya Hades, mungu wa wafu, inayomfanya asionekane, mundu wa mungu Hermes, na ngao ya mungu wa kike Athena inayong'aa kama kioo ili amtazame Medusa kwa kivuli chake. Kila kifaa kina kazi, na kila kazi inafanyika. Mtoto aliyezoea michezo ya simu, ambayo humpa mchezaji silaha moja kwa kila mlango, yuko nyumbani kabisa hapa.

Theseus ana safari mbili ndani ya moja. Kwanza ni barabara. Alishauriwa apande chombo mpaka Athens, salama salimini, akachagua kwenda kwa miguu kwenye njia ya wanyang'anyi, na kila mnyang'anyi akamwonjesha dawa yake mwenyewe. Sinis aliyekuwa akiwapasua watu kwa misonobari iliyopindwa alipasuliwa nayo. Sciron aliyewalazimisha wasafiri wamwoshe miguu ili awapige teke waanguke baharini, alianguka yeye. Procrustes alikuwa na kitanda: mgeni mfupi alivutwa, mrefu alikatwa, mpaka watoshe. Vijana wa miaka 13 au 14, umri ambao kila kitu hupimwa kwa "siyo haki", husikiliza sehemu hii bila kupepesa macho. Kisha ndiyo linakuja jumba la vichochoro anamofungiwa Minotaur, lililojengwa na fundi Daedalus, na hofu yake ni ya namna nyingine. Anayejua kupotea katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar wakati magharibi imeingia ataelewa: mnyama unaweza kupigana naye, njia uliyoisahau huwezi.

Jason ni chombo kizima cha watu. Argo ilibeba mashujaa wapatao 50, miongoni mwao Heracles, Orpheus mpiga kinubi, na wana wa upepo wa kaskazini wanaoruka angani. Simulizi ndefu tuliyonayo ni ya Apollonius wa Rhodes, aliyeandika Alexandria, Misri, karne ya 3 KK, vitabu vinne vya mashairi. Ndani yake mna Harpies, ndege wenye nyuso za wanawake wanaompora kipofu Phineus kila tonge. Mna majabali mawili yanayogongana baharini, na njiwa anayerushwa mbele kupima kama kuna kupita. Mna Talos, jitu la shaba linalolinda Krete kwa kurusha mawe. Mahali ninapopapenda ni Libya, barani mwetu, pale chombo kinapokwama jangwani na mabaharia wanakibeba mabegani siku 12 usiku na mchana. Lakini kati ya vipande hivi kuna vituo virefu vya kukaa na kungoja. Asiyezoea kusoma hukwama kwenye kisiwa cha Lemnos, hata robo ya njia hajafika, akafunga kitabu. Kwa kijana anayesoma mpaka taa izimwe, hiyo ni karamu ya wiki mbili.

Aliyewasaidia alilipwa nini?

Kwangu mimi hapa ndipo safari hizi zinapoachana, na hapa ndipo ninapoangalia kabla sijamchagulia mtoto. Hakuna hata mmoja kati ya watatu aliyeweza peke yake. Panga zao zinafanana. Tofauti iko katika namna walivyowatendea waliowasaidia.

Perseus analipa. Vifaa anavirudisha kwa Hermes, kichwa cha Medusa anampa Athena akiweke kwenye ngao yake. Dictys, yule mvuvi aliyewaopoa, anamfanya mfalme wa Seriphos. Mama yake anakuwa huru. Andromeda, aliyemkuta amefungwa kwenye mwamba aliwe na nyangumi wa kutisha, anamwoa na kukaa naye. Hata babu aliyemtupa baharini hamfuati kwa kisasi. Utabiri unatimia kwa bahati mbaya, kwenye michezo huko Larissa, kisahani alichokirusha kinapompata mzee kati ya watazamaji. Perseus anaona aibu kurithi kiti cha mtu aliyemuua, anabadilishana na jamaa yake, anachukua Tiryns. Rick Riordan, Mmarekani aliyewahi kuwa mwalimu, alipotoa The Lightning Thief mwaka 2005, alimfanya mama wa kijana wake amwite mwanawe Perseus kwa sababu shujaa huyo ni mmoja wa wachache walioishia vizuri. Vijana wengi wamewajua Wagiriki kupitia kitabu hicho au filamu yake, na mama yule alichagua jina kwa akili.

Theseus analipa nusu. Ariadne, binti wa Minos, alimpa donge la uzi alifunge mlangoni alifungue akiingia, na kwa uzi huo aliwasaliti baba yake na Minotaur, ambaye alikuwa ndugu yake kwa mama. Alichoomba ni kuondoka naye na kuolewa. Theseus aliondoka naye kweli. Walipofika kisiwa cha Naxos, akamwacha amelala ufukweni akatweka tanga. Tangu zamani wasimulizi wamemtafutia udhuru: wengine wanasema mungu Dionysus alimtaka msichana, wengine wanasema ni dhoruba. Mimi husimulia hivyo vyote nikamwacha mtoto achague. Kisha linakuja tanga lenyewe. Aliagana na baba yake kwamba akirudi mzima atweke jeupe, akasahau, akarudi na lile jeusi la msiba. Aegeus akaliona kutoka juu, akajitupa, na bahari ile mpaka leo inaitwa Aegean kwa jina lake. Aliyeisahau ahadi moja njiani aliisahau na ya pili. Watoto huliona hilo bila mimi kuwaonyesha.

Jason halipi kabisa. Medea, binti wa mfalme Aeetes wa Colchis, alimpa kila kitu. Alimpa mafuta ya kujipaka asiunguzwe na mafahali wanaopumua moto. Alimwambia atupe jiwe katikati ya askari waliochipuka kutoka meno ya joka, wageukiane wenyewe. Alililaza joka lililolinda ngozi. Kwa ajili yake alimwacha baba, nduguye aliuawa katika kukimbia kwao, na Pelias akafa kwa hila yake. Baada ya miaka, wakiwa Korintho na watoto wawili, Jason akaona ni heri aoe binti wa mfalme wa pale. Asante ya punda ni mateke. Alichofanya Medea baada ya hapo, jinsi mtunzi wa tamthilia Euripides alivyokionyesha Athens mwaka 431 KK, ni kumuua bibi harusi kwa vazi lenye sumu na kuwaua wanawe mwenyewe kwa mkono wake. Jason akazeeka bila mtu, akafa amekaa chini ya Argo iliyooza, boriti lake likamwangukia.

Hilo simpi mtoto wa miaka 11. Ni hadithi kubwa kuliko zile mbili, na nadhani ndiyo bora kati ya zote, lakini inahitaji msomaji aliyekwisha kuona ndoa ikivunjika karibu yake na anayeweza kuuliza ni nani alianza.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vingi vya watoto vinalikata. Medea alikimbia kutoka Korintho akaenda Athens, akaolewa na Aegeus. Ni yeye aliyekuwa kando ya mfalme siku kijana mgeni mwenye upanga alipofika kutoka Troezen, na ni yeye aliyemwandalia kikombe cha sumu. Aegeus aliutambua upanga aliouacha chini ya jabali, akakipiga kikombe kikamwagika. Deni la Jason nusura limuue Theseus, ambaye hakuhusika nalo hata kidogo. Kwa ajili hiyo nashikilia Theseus asomwe kabla ya Jason, ingawa kwa miaka yao Jason ndiye aliyetangulia.

Medusa

Nimesema Perseus hadaiwi. Binti wa kaka yangu, akiwa na miaka 13, alinikatiza hapo. Alikuwa amekwisha kusoma kwingine kwamba Medusa hakuzaliwa dude. "Shangazi, kosa lilikuwa la Poseidon. Mbona aliyeadhibiwa ni yeye?"

Amesoma sawasawa. Kwa Hesiod, mshairi wa kale sana, Medusa ni mmoja wa madada watatu, yeye pekee anayeweza kufa, na hakuna anayemgeuza. Ovid, Mrumi aliyeandika miaka mingi baadaye, ndiye anayesema alikuwa msichana mzuri mwenye nywele za kusifiwa, Poseidon, mungu wa bahari, akamnajisi ndani ya hekalu la Athena, na Athena akazigeuza nywele za msichana kuwa nyoka. Ukiisoma hivyo, Perseus anamkata kichwa mtu aliyedhulumiwa mara mbili, kwa msaada wa yule aliyemdhulumu mara ya pili.

Sikumtafutia jibu la kumfariji. Nilimwambia ameona kitu ambacho wengi wanapita. Kwa walio chini ya miaka 12 mimi husimulia ya Hesiod. Kwa wakubwa, hasa wasichana, usiifiche ya Ovid. Wataikuta peke yao, na ni heri waikute na mtu wa kumwuliza.

Cha kuonyesha kwa kidole

Mtoto akisikia hutaka kuona. Kwa Theseus kuna Knossos, karibu na mji wa Heraklion huko Krete, jumba la kale ambalo Mwingereza Arthur Evans alianza kulichimbua mwaka 1900: vyumba kwa mamia, na mchoro wa ukutani wa kijana anayeruka juu ya mgongo wa fahali. Picha zake ni rahisi kupata kwenye simu. Kwa Jason kuna Georgia ya magharibi, ndiyo Colchis yenyewe, ambako mwanajiografia Strabo aliandika kwamba wenyeji walitega ngozi za kondoo mtoni zinase chembe za dhahabu.

Kwa Perseus huhitaji simu. Katikati ya Desemba, kama saa mbili usiku, toka nje Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mahali pasipo taa nyingi, geukia kaskazini. Chini karibu na upeo utaona nyota tano mfano wa herufi M: huyo ni malkia Cassiopeia, mama yake Andromeda, aliyejisifu kuwashinda mabinti wa bahari kwa uzuri, na kwa kinywa chake Andromeda akafungwa mwambani. Juu yake ni Andromeda. Kuliani, akipanda, ni Perseus mwenyewe ameshika kichwa, na katika kichwa hicho imo nyota inayofifia kila baada ya siku mbili na saa 21 hivi. Waarabu waliiita Ra's al-Ghul, kichwa cha zimwi. Ndipo Wazungu walipopata Algol. Aliyesoma Utenzi wa Rasi 'lGhuli atashtuka kulikuta jina hilo juu ya kichwa cha Medusa.

Na Andromeda, mwambie mtoto, ni binti wa mfalme wa Waethiopia. Wagiriki waliwaita hivyo watu weusi wa kusini ya Misri, si nchi ya Ethiopia ya leo peke yake, na Ovid anasema wazi kwamba rangi yake ilikuwa ya watu wa kwao. Wachoraji wa Ulaya walimpaka weupe karne nyingi. Nikisimulia kwetu, namrudishia rangi yake.

Achukue ipi

Miaka 10 hadi 12, au mkubwa asiyependa kusoma: Perseus. Ni fupi, haina kupoa, na mwisho wake haumwachi mtoto na uchungu wa kulala nao. Ukiwa na watoto wa umri tofauti mkeka mmoja, chagua hii bila kufikiri.

Miaka 13 hadi 15: Theseus. Kwa kijana aliyelelewa na mama peke yake nampa hii hata akiwa mdogo kidogo, kwa ajili ya lile jabali na kilichokuwa chini yake. Jiandae kwa mabishano juu ya Naxos. Nimeona ndugu wawili wakinuniana siku nzima.

Miaka 16 na kuendelea, mwenye subira: Jason, na asiishie kwenye ngozi ya dhahabu kama vitabu vingi vya shule vinavyoishia. Amalizie Korintho, vinginevyo amesoma utangulizi tu.

Wapo wazazi wanaosita kwa sababu ya miungu hii. Hao huwakumbusha Matendo ya Mitume sura ya 14, ambapo watu wa Listra wanawaita Barnaba na Paulo kwa majina ya Zeus na Hermes. Anayewajua hao wawili huisoma sura hiyo kwa macho mengine.

Kijana akimaliza zote tatu, asiende haraka kutafuta ya nne. Arudi kwa Theseus, afungue pale anapoingia jumbani mwa baba yake, na mwanamke wa kigeni anamnyooshea kikombe.